Shuka Iliyokataa Kukauka

Jumapili hiyo mvua ilipumzika, tena shingo upande, na Sajini Gerishon Macharia wa upelelezi, Eldoret, akapata nafasi ya kufika Kapseret bila kuogelea. Alipotoka kwenye gari la polisi, gambuti yake ya kushoto ilizama kwenye matope ikabaki huko huko, yeye akaendelea mbele na soksi. Ikabidi arudi kuivuta kwa mikono miwili. Ilitoka na mlio wa aibu, na Mama Warigia, mwenye shamba, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai akiangalia yote.

"Karibu, Afande," alisema. "Hapo ndipo kila mtu huanzia."

Kesi ilikuwa hivi. Mama Warigia alikuwa na wageni wawili, Bwana Henk na mkewe Marijke, Waholanzi waliostaafu ambao walikuwa wakizunguka Afrika na dude lao. Ninasema dude kwa sababu jina lake ndilo lililoleta maneno yote haya, na mimi sitaki kuitwa kortini. Mbele lina usukani na kiti cha dereva, sawa na lori. Nyuma lina kitanda, jiko, meza, friji na choo. Choo cha kukaa, jamani, ndani kabisa! Ijumaa waliliacha kwenye padoki ya chini, malishoni karibu na kijito, wakaenda mjini kwa matatu kununua vitu. Ndipo ikaja ile mvua ya mawe. Ilitoboa mabati, ikalaza mahindi yaliyokuwa ndiyo kwanza yametokeza, ikafunika daraja, na Waholanzi wakalazimika kulala mjini. Kurudi Jumamosi asubuhi, dude halikuwa walipoliacha. Lilikuwa juu karibu na zizi, mlango haujafungwa, matope ndani, shuka ya kitanda imepotea. Nyayo za gambuti zilikuwa za Elphas Wabuge, anayekamulia Mama Warigia ng'ombe.

Elphas aliulizwa. Akasema, "Ni mimi nililihamisha." Akaulizwa shuka iko wapi, na alifanya nini humo ndani usiku kucha. Hapo akafunga mdomo, na hadi Jumapili hiyo hakuwa ameufungua. Alikuwa seli. Kesho yake angepelekwa kortini kwa kuvunja nyumba usiku na kuiba, na hiyo si kesi ya kuchezea. Na mkewe Nekesa alikuwa amejifungua Ijumaa hiyo hiyo hospitalini mjini, mtoto wao wa kwanza, mvulana, na Elphas hakuwa amemwona hata kwa picha.

Gerishon alikuwa amelala na kesi hiyo ikamkataa. Mtu mwenye mtoto wa siku mbili ana sababu elfu za kusema chochote kitakachomtoa seli. Huyu alikuwa ananyamaza kama amelipwa.

"Shikamoo, Bwana Afisa," Henk alimsalimia. Alikuwa mzee mrefu, amevaa kaptula kwenye baridi ile ya Kapseret, magoti mekundu. Gerishon hakuwa amewahi kupewa shikamoo tangu azaliwe, tena na mtu wa umri wa baba yake, akageuka kuangalia ni nani anayesalimiwa nyuma yake.

"Makazi yetu yamevunjwa na mhalifu asiye na haya," Henk aliendelea.

Gerishon akamwinamia Mama Warigia. "Huyu ameongea nini? Ni kama taarifa ya habari."

"Walijifunza Kiswahili kwa simu," Mama Warigia akamnong'onezea. "Ni kizuri mpaka hakuna mtu hapa anakisikia. Juzi alimwambia Elphas 'tafadhali niazime ndoo,' Elphas akaenda kuniuliza azime ni ugonjwa gani."

"Bwana Henk," Gerishon akasema, "tuanze pole pole. Hii gari yako..."

"Si gari!" Henk akapandisha sauti. "Watu wote wanasema gari, gari. Tuliuza nyumba yetu ya Uholanzi tukanunua hii. Hatuna nyingine. Hii ndiyo nyumba yetu, na mtu ameingia nyumbani mwetu tulipokuwa hatupo."

Akaweka kiganja kwenye ubavu wa dude, na Gerishon akaona kwamba mzee huyu alikuwa ameumia kweli. Marijke akamshika mumewe mkono. Yeye alikuwa mama mfupi mwenye macho ya upole na koti la mvua la manjano. "Tulikuja Aprili kwa sababu kwetu ni majira ya kuchipua," alieleza. "Mvua nyepesi, jua kidogo, maua."

"Hata huku inachipua, Mama. Shida hatuoni, iko chini ya maji." Gerishon akasafisha koo. "Mlango ulivunjwa wapi?"

Haukuwa umevunjwa popote. Kitasa kilikuwa kizima, kioo kizima. Henk akakiri kwamba alikuwa ameficha ufunguo wa pili chini ya tairi la mbele, la kushoto, mahali pa siri kabisa. Mama Warigia akakohoa ndani ya kikombe chake. "Siri, eti. Huo ufunguo hata ng'ombe wanaujua."

Gerishon alizunguka dude, akachuchumaa kwenye tairi la mbele, la kushoto, akaingiza mkono. Ufunguo ulikuwepo. Ulikuwa umewekwa juu ya kijiwe kisafi, usiguse matope.

"Ilihamishwa, na ufunguo nao ukahama," alisema. "Halafu ukarudishwa mahali pake. Bwana Henk, uliangalia hapa?"

"Sikuangalia. Mwizi harudishi ufunguo."

"Hapo tumeelewana. Sasa nionyeshe mahali mliegesha Ijumaa."

Walisimama ukingoni mwa zizi wakatazama chini. Padoki ya chini haikuwepo. Palikuwa na ziwa, jipya kabisa, na bata wa Mama Warigia walikuwa wameshalizoea. Vigingi vya ua vilikuwa vimezama vyote isipokuwa kimoja, na juu yake alikaa ndege mweupe akitafuta kiamsha kinywa. Henk alinyoosha kidole kwa bata dume aliyekuwa katikati.

"Pale," alisema, na sauti ikaanza kupungua. "Pale alipo yule bata."

"Jana hamkuona?"

"Jana nilikuwa na hasira," Henk akajibu. "Nilitazama huku tu."

Lakini mzee alikuwa mbishi. Kulihamisha ni sawa, akasema, kwa hilo atamshukuru huyo kijana hata mbele ya hakimu. Kuingia chumbani mwa mtu, kukaa kitandani mwake na kuchukua shuka yake ni jambo lingine, na hilo hakuna mafuriko yanayoweza kulieleza. Gerishon aliomba ruhusa ya kuingia, akavua gambuti, akaingia na soksi zake, moja kavu na moja ya matope.

Alianzia mbele. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho na mgongo wake umelazwa, na matope yalikuwa yamekauka mahali mtu ameweka visigino. Mtu alikuwa amelala hapo. Akaenda nyuma. Kitanda kilikuwa kisafi, hakina tope hata chembe, ila ukingoni palikuwa na bonde moja dogo, la mtu aliyekaa wima muda mrefu bila kujinyoosha. Kati ya kebini na chumba, kwenye reli ya juu, palikuwa na pegi ya nguo bado imebana, na kwenye meno yake uzi mwekundu.

"Hii pegi hukaa hapa?"

"Hapana," alisema Marijke. "Pegi zangu hukaa kwenye kikapu."

Mwizi wa aina gani huyu, Gerishon alijiuliza, anaacha kitanda cha Wazungu anaenda kujikunja kwa usukani? Akafungua friji. Kulikuwa na kipande cha jibini kimefungwa vizuri kwenye karatasi yake. Akakifungua. Kilikuwa kimeumwa mara moja, kikarudishwa. Alama za meno zilikuwa wazi, na upande wa chini, katikati, jibini lilikuwa limebaki limesimama kama mwamba mdogo, kwa sababu hapo hapakuwa na jino la kuling'ata.

"Pengo," alisema. Furaha ilimpanda mpaka akajigonga kichwa kwenye kabati.

Henk na Marijke walionyesha meno yao bila kuombwa. Yalikuwa yote. Mama Warigia akasema mtu mwenye pengo hapa ni Felix wa boda boda, ambaye mwaka jana aligongana na ng'ombe, na ng'ombe akashinda. Felix akapigiwa simu. Akaja akiteleza huku na huku kwenye matope, na kabla hajashuka, Henk akapiga kelele. Kiti cha boda boda kilikuwa kimefunikwa na kitambaa cha maua.

"Shuka yetu!"

Marijke akakisogelea, akakigeuza. "Henk, haya ni mawaridi. Yetu ina tulipu."

"Ni pazia ya bibi yangu," Felix akasema, akitazama afande, mzungu na jibini kwa zamu. "Aki ya Mungu, hata yeye hajui nimetoa."

"Uma hapa," Gerishon akaamuru, akimpa upande wa jibini uliokuwa mzima.

Felix akauma. Akatafuna. Uso ukabadilika. Akaenda kutema nyuma ya zizi, akarudi akifuta machozi. "Afande, hii ni ushahidi ama ni adhabu? Niambie mapema."

Pengo la Felix lilikuwa juu. La mwenye jibini lilikuwa chini. Felix akaachiliwa, akaondoka mbio kurudisha pazia, na Gerishon akatia jibini kwenye bahasha ya kaki, akaenda kumwona mshukiwa wake.

Kituo kilikuwa karibu, na seli yake ilikuwa inavuja. Elphas Wabuge alikuwa kijana mpana, mikono mikubwa ya kukamua, amekaa kwenye benchi akitazama ukuta wa kushoto. Gerishon aliposimama mbele yake, Elphas aligeuza mwili mzima kumtazama, kwa sababu shingo ilikuwa imekataa kugeuka.

"Shingo imefanya nini?"

"Ililala vibaya, Afande."

"Ililala kwa kiti cha dereva."

Elphas akageuka tena, mwili mzima, kuelekea ukuta.

"Kitanda kilikuwa hapo nyuma, godoro nene, hakuna mwenyewe. Wewe ukajikunja kwa usukani mpaka asubuhi. Kwa nini?"

"Afande, andika ni mimi. Andika yote."

"Sawa. Jibini je, ilikuwa tamu?"

"Jibini ni nini?"

Aliuliza kwa uso safi, na Gerishon akatikisa kichwa. Akamwambia afungue mdomo. Meno yote yalikuwepo, meupe, ya mtu aliyelelewa kwa miwa. "Ulikuwa na mtu mwingine humo ndani, Elphas. Nani?"

Kijana alisimama haraka, shingo ikamshika, akakaa tena akiugua. "Peke yangu! Nilikuwa peke yangu!"

"Kesho unaenda kortini. Mtoto wako hujamwona."

Hapo macho ya Elphas yakajaa, na hakuyafuta. Kisha akasema pole pole, "Nikiongea, kuna mtu hatamshika huyo mtoto. Nikinyamaza, ni mimi sitamshika. Afadhali mimi. Mimi bado kijana."

Gerishon alitoka nje akasimama chini ya paa linalodondoka. Maneno hayo yalimwingia. Mtu mmoja atakayekosa kumshika mtoto mchanga, kwa sababu tu ya kujulikana alikuwa humo. Mtu mwenye pengo la chini, lile la waliong'olewa meno kwa mila zamani, kwa hivyo mzee. Mtu ambaye Elphas hawezi hata kumtaja. Gerishon ni mtu wa Nyeri, lakini ameoa Bungoma, na kwa upande huo ameshafundishwa mambo. Amefundishwa kwamba mama mkwe hasalimiwi kwa mkono. Amefundishwa kwamba ukikutana naye njiani unampisha, hata kama upande wa kupisha ni mtaro. Na amefundishwa kwamba mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, kabisa kabisa, na ikitokea, kuna wazee wa kuitwa, kuna mnyama wa kuchinjwa, na mpaka hapo mama haingii kwa msichana wake wala hagusi mtoto.

Akampigia Mama Warigia simu. "Mama, kwa Elphas kuna nani?"

"Si mama ya Nekesa? Mama Nabalayo. Alikuja kupokea mtoto. Analala jikoni, hawezi kulala kwa nyumba ya mkwe, wewe si unajua hao watu wenu. Na hiyo jikoni, Ijumaa upepo uliibeba mabati yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Mlikuja mkiuliza mwizi."

Mama Nabalayo alikuwa nje ya jiko lisilo na paa, amekaa kwenye gogo, anachambua maharagwe. Alikuwa mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa imara. Nyumba ya Elphas ilikuwa hatua chache kutoka hapo, mlango wazi, kavu, na yeye alikuwa ameipa mgongo. Chini ya ukingo wa paa la nyumba hiyo, kwenye kamba, ilining'inia shuka nyeupe yenye maua mekundu, imefuliwa ikafulika, maji yakidondoka tone, tone.

Gerishon alijifanya hajaiona. Alisalimu, akaomba gogo la pili, akakaa.

"Mama, unamjua Elphas?"

Mama Nabalayo alivuta kitambaa kikamfunika nusu ya uso, akageuka akatazama ua. "Huyo mtu wa msichana yangu? Nasikia yuko."

"Anasemekana ameiba."

"Haibi."

"Na kuna kitu ilikuliwa humo ndani." Gerishon akatoa bahasha, akaonyesha ukingo wa jibini.

Mama akaitazama kwa pembe ya jicho, na pua ikakunjamana. "Hiyo si chakula. Hiyo maziwa ilikufa zamani. Na mwizi anaweza kuonja kitu akarudisha?"

"Mama, sijasema ilirudishwa."

Maharagwe yakasimama. Bata wakasikika mbali wakisherehekea ziwa lao. Gerishon akaona huruma, akaamua kufanya upelelezi ambao hawafundishi chuoni.

"Tuseme," alisema, akitazama ua ule ule, "tuseme kuna mtu. Simjui."

"Tuseme," alikubali mama.

"Tuseme jikoni kwake kumeenda na upepo. Mawe inaanguka kutoka juu, maji inakuja kutoka chini. Nyumba iko hapo, lakini nyumba ni ya mkwe, na mkwe ndiye huyo amerudi kutoka zizini."

"Hangeingia. Hata angekufa hapo nje."

"Naye mkwe anaona ile kitu ya Wazungu inataka kuchukuliwa na maji. Anaiwasha. Na huyo mtu bado amesimama kwa mawe."

"Amefunika kichwa na sufuria," alisema mama. "Tuseme."

"Tuseme. Sasa mkwe anafungua mlango wa nyuma, anaangalia kando, anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anakohoa tu, mtu ajue mlango uko wazi." Sauti yake ilishuka. "Yeye anakaa huko mbele kwa kuendesha. Anafunga shuka katikati, iwe ukuta. Na huyo mtu anakaa, halali, analala aje? Usiku wote anasikia mwingine akijigeuza huko mbele, shingo inalia kwaa, na hawezi kumwambia pole." Akafuta jicho kwa kitambaa. "Akiona njaa anaonja kitu moja, Mungu amsamehe. Asubuhi anachukua shuka. Imekuwa ukuta kati ya mtu na mkwe, huwezi kurudisha kwa kitanda ya wenyewe hivyo hivyo, lazima ifuliwe. Sasa imefuliwa. Lakini wewe ona hii mvua! Tangu jana naanika, naanua, naanika. Ingekauka, hakuna mtu angeitwa mwizi."

Gerishon alitazama shuka. Shuka ikadondosha tone lingine. Ee bwana, mtu alikuwa anaenda jela kwa sababu Kapseret hakuna jua.

"Mama, nikuulize. Wewe na Elphas mkipanda gari moja ya abiria kutoka Bungoma, kuna shida?"

"Shida gani? Gari ni gari. Hata askofu na mlevi wanakaa kiti moja."

"Kwa hivyo ile kitu, kama ni gari..."

"Hiyo ndiyo nimeuliza Mungu usiku mzima." Kwa mara ya kwanza alimgeukia, na pengo lake la chini likaonekana. "Iko na tairi, nikasema ni gari. Halafu nikaona kitanda, nikasema ni nyumba. Nikaona usukani, gari. Nikaona choo! Nikasema, Nabalayo, umekwisha. Na huyo mzungu mwenyewe anazunguka hapa akisema nyumba yangu, nyumba yangu. Kama mwenyewe amesema ni nyumba, mimi ni nani? Mjukuu yangu sitamshika."

Gerishon akasimama akapangusa suruali. "Mama, njoo usimame nyuma ya ule ua wa zizi. Usiseme kitu. Sikiza tu."

Alimkuta Henk anafagia matope kutoka mlangoni mwa dude, Marijke akimshikia ndoo. Gerishon alivaa uso wa kazi, ule anaovaa akienda kwa OCS, mkuu wa kituo.

"Bwana Henk, nimemaliza uchunguzi. Nimekubali kwamba hii ni nyumba."

"Ahsante sana!"

"Nitaandika hivyo. Kuvunja nyumba. Sasa itabidi niite watu wa kaunti."

Henk akasimamisha ufagio. "Wa kaunti? Kwa nini?"

"Umejenga kwa shamba la mtu, Bwana Henk. Nyumba ya kulala, jiko ndani, choo ndani. Kibali cha ujenzi kiko wapi? Ramani iliidhinishwa na nani? Na hiyo choo, afisa wa afya atataka kujua inamwaga wapi. Alafu Ijumaa nyumba yako imehama kutoka kijitoni mpaka zizini, hiyo ni kibali ya pili. Na mkivuka mpaka na nyumba..." Alipiga mluzi wa masikitiko. "Hiyo hata mimi sijawahi kuona. Mlikuwa mnaenda Uganda lini?"

"Jumatano," alisema Henk, na magoti yake yakapoteza wekundu.

"Jumatano ya mwaka ujao, labda."

Mama Warigia, ambaye alikuwa amesogea karibu na chai yake, alitikisa kichwa polepole. "Watu wa kaunti," alisema. "Mimi nilijenga banda la kuku wakaja na mkanda wa kupima."

Marijke hakuwa mjinga. Alikuwa ameiona shuka yake kwa mbali ikining'inia kwa Elphas, na sasa aliona ukingo wa kitambaa cha kichwa nyuma ya ua wa zizi, kimetulia sana, kimeinama kusikiliza. Hakujua desturi, lakini alijua mtu anayengoja hukumu. Akaweka ndoo chini.

"Henk," alisema, "ni nini hiki?"

Henk alilitazama dude lake, kuanzia usukani mpaka choo. Alilitazama ziwa na bata wake. "Ni... gari," alisema.

"Sema na sauti," Gerishon akaomba. "Kuna wazee hawasikii vizuri."

"NI GARI!"

Nyuma ya ua mtu akasema, "Asante Yesu."

Basi kama ni gari, Gerishon akaeleza upesi kabla mzee hajabadilisha nia, hakuna nyumba iliyovunjwa. Kuna mfanyakazi aliyeondoa gari la wageni kwenye mafuriko, akampa mama mmoja lifti kwa sababu ya mawe, na shuka ilichafuka ikaenda kufuliwa. Hilo halina kifungu cha sheria. Henk aliuliza mama gani. Marijke akamkanyaga mguu. Mzee alitazama tena mahali pale palipokuwa padoki, akavua kofia, na akasema kwa Kiswahili chake cha redio kwamba angependa kuyafuta mashtaka yake na kumwomba kijana yule radhi.

Maji yalikuwa yamepanda tena darajani, gari la polisi lisingepita, lakini dude lina tairi ndefu. Henk akaendesha mwenyewe. Kituoni Gerishon aliingia akatoka na Elphas. Elphas alipoona mlango wa nyuma umefunguliwa akarudi hatua mbili.

"Panda mbele," alisema Gerishon. "Ni gari. Mwenyewe amesema."

Elphas akapanda mbele, shingo yake ikitazama dirishani, na hata angetaka kugeuka asingeweza. Nyuma, Mama Nabalayo alikuwa amesimama juu ya kitanda na pegi mdomoni, anafunga ile shuka ya tulipu iliyolowa, kona kwa kona. Marijke alimsaidia bila kuuliza. Njia yote mpaka mjini shuka iliwadondoshea wote maji, walio mbele na walio nyuma, na Gerishon, aliyekaa chini katikati, ndiye aliyelowa zaidi.

Nekesa alikuwa amekaa kitandani wodini, uso umechoka, mtoto kwenye blanketi la bluu. Aliwaona wakiingia kwa mlango mmoja: mumewe akitazama dirisha, mama yake akitazama ukuta, katikati afande aliyelowa chapachapa, na nyuma Wazungu wawili. Rangi ikamtoka. Habari za shamba zilikuwa zimemfikia nusu nusu, na ile nusu mbaya ndiyo iliyofika kwanza.

"Elphas," aliuliza taratibu, kwa woga, "mmekuja na nini?"

Elphas akajibu akiangalia dirisha, na Mama Nabalayo akajibu akiangalia ukuta, na wote wawili walijibu pamoja.

"Gari."

Ilikuwa mara ya kwanza hao wawili kusema neno moja kwa wakati mmoja. Nekesa alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Kisha akanyoosha mikono, akampa mama yake mtoto.